Thamani ya hisa za kiwanda cha elektroniki haipimwi kwa mwaka mmoja

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Kaka yangu aliyeko Uingereza amenishauri tununue pamoja hisa za kampuni ya nje inayotengeneza vifaa vya elektroniki. Mtiririko wake huru wa fedha kwa miaka sita, kwa mamilioni ya dola, ni 400, 900, hasi 200, 700, 100, na mwaka jana 1,100, ingawa mauzo ya mwaka jana yalishuka. Madeni yake yanazidi fedha zilizoko benki kwa dola milioni 700. Nilichukua ile 1,100, nikakadiria ukuaji wa asilimia 3 na punguzo la asilimia 12 kwa mwaka, nikapata dola 126 kwa kila hisa, maana hisa ni milioni 100. Sokoni inauzwa dola 80. Je, tununue?
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu msomaji. Kanuni uliyoitumia, ya kugawa mtiririko wa mwaka ujao kwa tofauti ya punguzo (pato unalolidai kwa mwaka) na ukuaji, ni sahihi, na tarakimu umezikokotoa vyema, ila deni hukulitoa. Kilichokupoteza zaidi ni kuuchukua mwaka mmoja, tena ule mnono kuliko yote, ukaufanya kipimo cha miaka yote ijayo. Wewe uliyeko Pemba hungekubali kununua shamba la mikarafuu kwa bei inayotokana na msimu mkubwa peke yake.

Mtiririko huru ni fedha zinazobaki baada ya kampuni kukusanya mapato ya shughuli zake, kulipa gharama na kodi, kisha kutoa zilizotumika kununua mitambo na kujenga majengo. Katika elektroniki fedha hizo hupanda na kushuka mno. Samsung Electronics, kwa mfano, ilipata faida ya uendeshaji ya won trilioni 43.4 mwaka 2022, ikaanguka hadi trilioni 6.6 mwaka 2023 kwa kuwa bei za chipu za kumbukumbu ziliporomoka, ilhali uwekezaji wake katika mitambo na viwanda ulibakia takriban won trilioni 53 katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili. Mitambo ya chipu haingoji soko lichangamke. Anayeacha kuinunua leo hukuta wenzake wamemtangulia.

Linalonitia shaka zaidi ni kwamba mauzo yalishuka na fedha zikaongezeka. Kiwanda kinapopanuka hununua vipuri kabla ya kuuza, na wateja wake huchukua bidhaa kwa mkopo, kwa hiyo fedha hufungika ghalani na kwa wadaiwa. Biashara inapolegea, kiwanda huacha kununua, huuza kilichomo ghalani na kukusanya madeni ya zamani, na taslimu humiminika kana kwamba mambo ni mazuri. Hali hiyo ilionekana kwa viwanda vingi vilivyojaza maghala wakati wa uhaba wa chipu wa 2021 na 2022. Fedha za namna hiyo huja mara moja, kwa sababu ghala lililokwisha kumwagwa halimwagiki tena. Basi fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, utazame mabadiliko ya bidhaa ghalani, ya wadaiwa na ya wadai. Iwapo malipo kwa wauzaji wa vipuri yamecheleweshwa, hilo nalo litaonekana hapo. Linganisha pia ununuzi wa mitambo na uchakavu, yaani thamani ambayo mitambo hupoteza kila mwaka: ununuzi ukiwa chini ya uchakavu kwa miaka kadhaa, kampuni inakula mtaji wake.

Sasa turudi kwenye tarakimu zako. Jumla ya miaka sita ni 3,000, na wastani ni 500. Ukikuza 500 kwa asilimia 3 unapata 515. Ukigawa kwa 0.09, ambayo ni tofauti ya 12 na 3 kwa mia, unapata dola milioni 5,722. Toa deni la 700, ambalo hukulitoa katika hesabu yako, inabakia 5,022, yaani kama dola 50 kwa hisa.

Kuhusu asilimia 12, hiyo si riba anayotozwa mtu, bali ni pato unalolidai ili ukubali kuiweka fedha yako hatarini, na kwa kuwa hisa hii ni ya dola, usiipime kwa pato la hati fungani za shilingi. Ukidai 14 badala ya 12, thamani ya kampuni kabla ya kutoa deni hushuka hadi milioni 4,682, na ndiyo maana simwamini mchambuzi anayenitajia bei moja iliyonyooka hadi senti.

Nakushauri uigeuze hesabu. Kwa dola 80, soko linaithamini kampuni pamoja na deni lake milioni 8,700. Kwa masharti yako yaleyale, bei hiyo inahitaji mtiririko wa kawaida wa takriban milioni 760 kwa mwaka, unaoendelea kukua. Katika miaka sita, kampuni imevuka kiwango hicho mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ni huo mwaka jana ambao mauzo yalishuka. Mpaka kaka yako aweze kukuonyesha bidhaa mpya au wateja wapya watakaoufanya huo uwe mwaka wa kawaida, mimi nisingelipa 80.