Muulize Fundi: IST Inakunywa Kuliko Mwenye Gari

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST ya 2004, kila siku Kibaha hadi Kariakoo na kurudi. Nimebadilisha plagi na filta ya hewa, bado mafuta yanakwisha upesi. Kwenye mteremko naweka gia huru nibane matumizi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Unakosea hapo hapo kwenye gia huru. Gari lako si la kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta likiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, na mwendo upo, kompyuta hufunga nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini. Matairi ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka huru, injini inabaki sailensa, yaani inanguruma yenyewe bila kusukuma gari, na sailensa inakunywa. Tena unajinyima breki ya injini, yaani injini kukusaidia kuzuia mwendo, jambo linaloniudhi kuliko hayo mafuta.

Halafu mguu. Nilipoendesha teksi nilikuwa nakimbilia taa nyekundu za Magomeni kama nadaiwa, kisha breki kwa nguvu. Bibi mmoja kiti cha nyuma akaniuliza, "Baba, taa inahama?" Niliona aibu. Mwendo uliolipia mafuta unauyeyusha kwenye pedi za breki, halafu unaununua upya. Ukiona nyekundu mbali, achia mapema.

Upepo pima asubuhi kabla matairi hayajapata moto, ufuate kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kauli ya kijana wa kujaza upepo. Keria tupu juu ya paa shusha.

Leo jaza tenki, andika kilometa. Wiki ijayo jaza tena kituo kile kile, gawanya kilometa ulizotembea tangu leo kwa lita ulizojaza mara hiyo ya pili, uniandikie.