Re: Lori la zamani lachemka mlima wa Manyovu, breki zanuka likishuka na tela

Kaka, kuchemka kwanza, maana hilo ni jepesi. Osha rejeta kwa maji kutokea upande wa injini kwenda nje. Vumbi jekundu la huko huziba mapezi yake. Kagua feni, belti na mfuniko wa rejeta. Ukipanda, shusha gia mapema kabla injini haijaanza kugugumia. Sindano ya joto ikipanda, simama, iache injini ikizunguka taratibu, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto.

Breki ndiyo hatari yenyewe. Zikinuka, lainingi (vile vipande vinavyosuguana na ngoma ya gurudumu) zimeshapata moto na nguvu yake inapungua. Ukizidi kukanyaga hupati kitu. Chagua gia juu kileleni kabla ya kuanza kushuka, ile uliyopandia au ndogo zaidi. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa nguvu mpaka upungue kama kilomita 10 kwa saa, kisha achia kabisa zipoe. Kuegesha mguu juu ya pedeli mteremko mzima ndiko kunakounguza. Nyutro usiguse, hata kama wenzako wanasema inaokoa dizeli.

Zikiwa breki za upepo, mwaga maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo kila asubuhi, na utingo asikilize uvujaji kwenye mipira ya tela. Tela lisiloshika breki sawasawa husukuma lori na kulikunja konani, hasa udongo ukilowa.

Ngoma ya breki ikiwa na nyufa au lori likivuta upande, usipakie. Mpelekee fundi wa breki za malori, siyo wa bodaboda jirani.