Msaada wa kampuni ya machimbo kwa skuli: tuupokee vipi?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya skuli katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja. Jirani na shehia yetu kuna kampuni inayochimba mchanga na kusaga kokoto. Wakuu wake wameahidi kutupakia rangi skuli na kutoa madaftari, lakini wanataka tutie saini barua inayosema kwamba kampuni imeshatimiza wajibu wake kwa jamii. Baadhi ya wazee wanasema tusaini upesi wasije wakaghairi. Tufanye nini? Na kwa nini kule Geita wenye migodi wanajenga skuli nzima, sisi tunapewa rangi?
Mjumbe wa kamati, Kaskazini A

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Rangi na madaftari yapokeeni kwa shukurani na muyaandikie stakabadhi ya kawaida. Barua hiyo msiitie saini kama ilivyo, kwani madaftari yatakwisha kabla ya muhula wa pili, ilhali karatasi yenu itaoneshwa kila mtakapolalamika.

Kuhusu Geita, ni kweli kwamba mgodi wa huko ulijenga Skuli ya Sekondari ya Wasichana ya Nyankumbu, na mwaka 2023 kampuni nyingine ya dhahabu, Barrick, ambayo ina ubia na Serikali kupitia kampuni iitwayo Twiga, ilitangaza kutoa hadi dola milioni 30 za Marekani kwa ajili ya kupanua skuli zinazopokea wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Lakini Bara jambo hili halikuachiwa ukarimu wa kampuni. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni, kwa kifungu cha 105, aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya mahali anapochimba, na mpango huo ufuate vipaumbele vya wakaazi. Sheria hiyo haivuki bahari. Katika Katiba ya Muungano, mafuta na gesi asilia ndiyo yaliyotajwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Mchanga, kifusi na mawe yetu hayamo. Tena hatuna dhahabu. Kumtajia mkurugenzi Nyankumbu hakutawafikisha mbali. Ombeni mfuate utaratibu ule ule, yaani mpango wa mwaka ulioandikwa, wenye kiasi cha fedha na tarehe, uliopitiwa na uongozi wa wilaya na Afisa Elimu, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa skuli ili kila mzazi auone.

Kabla ya kukaa mezani, tenganisheni deni na msaada. Shimo lililoachwa wazi likajaa maji ya masika karibu na njia ya watoto ni deni la mchimbaji. Vumbi linaloingia madarasani ni deni, na gari za mchanga zinazopita kwa kasi saa za kuingia na kutoka skuli ni deni vilevile. Mambo hayo kampuni iyatengeneze kwa sababu imeyasababisha, wala yasihesabiwe katika mchango wake wa elimu. Nimeona mara nyingi kifusi cha kujazia barabara ya kampuni yenyewe kikiingizwa kwenye taarifa ya mwaka kama huduma kwa jamii, na hakuna aliyeuliza.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa, nami naliona zito kuliko rangi. Sehemu nyingi za visiwa vyetu kokoto bado zinagongwa kwa nyundo, na wanaozigonga ni kina mama pamoja na watoto wao. Ikiwa kampuni hiyo, mbali na mashine yake, inanunua kokoto za mkono, basi iulizeni inalipa shilingi ngapi kwa ndoo na nani anazigonga. Mama akilipwa bei ya kumtosha, hatomwita mwanawe aache darasa kumsaidia. Hatua hiyo haipigiwi picha, na pengine ndiyo sababu haipendwi, lakini hurejesha watoto darasani kuliko madaftari elfu.

Baada ya hapo ombeni vitu vitakavyodumu. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa tangu tarehe 23 Septemba 1964, na mishahara ya walimu ni jukumu la Serikali. Kampuni msiitwike mzigo huo, maana siku ikifunga machimbo mtabaki bila mwalimu. Ombeni banda ambalo wananchi wamelianza likasimama kwenye linta lipauliwe, au maabara ya sayansi iliyotengewa fedha za kemikali na vifaa kwa miaka kadhaa, kwa sababu maabara isiyo na kemikali hugeuka ghala la viti vibovu. Kampuni ikichangia mawe na mchanga wa ujenzi huo, thamani yake ihesabiwe kwa bei ya machimboni. Wakitaka kusomesha vijana, wawapeleke katika mafunzo ya amali wakajifunze umeme, uchomeleaji na ufundi wa mitambo, fani ambazo kampuni yenyewe inazihitaji. Wanaosomeshwa wachaguliwe na kamati yenye mwalimu mkuu, sheha na wazazi, kwa kuangalia alama na hali ya nyumbani, na fedha ziende moja kwa moja chuoni.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Chake Chake. Tunasikia habari za gesi. Ikipatikana, kampuni zitatusomesha?

JIBU: Mkataba wa kutafuta mafuta na gesi katika kitalu, yaani eneo la utafutaji, cha Pemba–Zanzibar ulisainiwa na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018, na ingawa mafuta na gesi yametajwa katika mambo ya Muungano, shughuli hizo hapa zinasimamiwa na mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar, ZPRA, chini ya sheria ya Zanzibar ya mafuta na gesi ya mwaka 2016. Mikataba ya aina hii kwa kawaida huwa na kifungu cha fedha za mafunzo kwa wazalendo, lakini fedha hizo huwafikia wenye sifa. Shika fizikia, kemia na hesabati tangu sasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vinafundisha fani za petroli, na vyote viwili vitayaangalia kwanza masomo hayo.