Mnaoanza kazi wodini: mgonjwa akisema "nzuri", angalia na mikono yake

Wadogo zangu mnaoripoti wodini mwezi huu, kabla hamjashika mashine ya presha jifunzeni kumwangalia mtu. Sisi tumelelewa kwamba ukiulizwa hali unajibu nzuri, kwa hiyo asubuhi ukimuuliza bibi umeamkaje atakwambia nzuri mwanangu, na ile nzuri ni adabu tu, sio habari ya ugonjwa.

Mimi nilijifunza kwa bibi mmoja aliyefanyiwa operesheni ya nyonga jana yake. Nikamuuliza una maumivu, akasema hamna baba, nikaandika kwenye faili anaendelea vizuri nikahamia kitanda cha pili. Na vitu nilishaviona, basi tu sikuvipa uzito, kiganja kimekamata pindo la kanga hakiachii, jasho juu ya mdomo wakati feni inazunguka, halafu kila nikiuliza macho yake yanaenda kwanza kwa kijana aliyesimama miguuni pa kitanda ndo ananijibu. Yule alikuwa mkwe wake! Saa nne nesi mwenzangu wa kike akamtoa yule kijana nje, akavuta pazia, akainama, bibi akamnong'oneza kwamba hajakojoa tangu usiku. Chini ya kitovu palikuwa pamejaa, pagumu. Akawekewa mpira wa mkojo ikatoka zaidi ya lita, na kile kiganja kikaachia kanga. Masaa yote yale aliteseka mbele yangu, inaniuma mpaka leo.

Watoto wadogo, wao hawafichi ila hawana maneno. Jifunzeni kipimo cha maumivu kinachoitwa FLACC, kilitolewa 1997 huko Michigan, Marekani, unaangalia uso, miguu, mwili unavyojinyonga, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja 0 hadi 2, jumla 10.

Ila msikimbilie kuhukumu. Binti akiangalia sakafu mbele yako mara nyingi ni heshima, hafichi kitu. Na kwenye semina mtaambiwa maneno ni asilimia 7 tu, mwili 55, jamani hizo namba zinatoka kwenye majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya 1967, yalihusu hisia za mtu akitamka neno moja moja, hazihusu mgonjwa anayekueleza amemeza dawa gani. Ukiona ishara, uliza. Mguse bega, mwambie naona umeshika hapa, panauma?

Na nyie pia mnaangaliwa, ukisimama na faili kifuani huku jicho liko mlangoni mgonjwa anajua una haraka na atakujibu kifupi ili uende zako. Siku hizi mimi navuta stuli, nakaa, kalamu naiweka chini, ndugu nawaomba watupishe kidogo, ndo namuuliza tena, bibi, usiku ulikuwaje.