Rangi na maneno ya hisia kwa wanaoanza Kiingereza

Mwalimu mwenzangu, nimekuelewa: watoto wa miaka 6, ukiwauliza wanajisikiaje wote wanaitikia "happy", hata aliyetoka kulia sasa hivi. Mimi huanza na maneno matatu tu: happy, sad, angry. Usiwapangie rangi. Mpe kila mtoto karatasi yenye uso mtupu, achague mwenyewe rangi ya hasira, apake, achore nyusi na mdomo, kisha aseme "I am angry". Mmoja wangu alipaka hasira kijani na hakutaka kubadili. Nikamwacha, na neno lile hakulisahau tena.

Ila wasizoee kusema "I am yellow" wakimaanisha furaha, Kiingereza hakisemi hivyo. (Kinachochanganya ni kwamba "blue" kweli huweza kumaanisha huzuni. Hilo liache mpaka wakue.) Tena wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, hasa wavulana, ndiyo maana nasisitiza uso uchorwe.

Mtoto akichagua nyeusi usianze kumpigia ramli, huenda ndiyo kalamu iliyokuwa karibu. Lakini akiwa mnyonge siku nyingi mfululizo, zungumza na mzazi wake au mshauri nasaha.