Bata Mzinga na Ardhi Iliyoungua: Kwa Mnaoanza Kazi Hii

Ndugu unayeingia kwenye misitu ya misonobari ya Georgia au kaskazini mwa Florida, huku Marekani, kuna jambo utaliona mapema. Moto wa kupangwa, yaani uliowashwa makusudi kuutunza msitu, umepita jana, visiki bado vinafuka moshi, na bata mzinga wa porini wameshafika wanatembea juu ya majivu. Sisi tuliosomea wanyamapori Afrika Mashariki tumezoea swala wanaofuata majani mabichi baada ya moto, kwa hiyo tunadhani tumeshaelewa. Lakini hapa hakuna jani lililochipua bado. Moto umefunua mbegu na wadudu waliokuwa wamefukiwa na majani makavu. Halafu bata mzinga anategemea sana macho, na palipo wazi anamwona koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, angali mbali.

Usiandike haraka kwamba "wanapenda ardhi iliyoungua". Uliza ni ndege gani, na amefuata nini.

Tembea polepole ukiangalia chini. Kinyesi cha dume ni kirefu, ncha yake imepinda. Cha jike ni kibonge kilichojiviringisha. Angalia walipochakura, kisha pima umbali hadi kwenye majani ambayo hayajaungua. Mara nyingi utakuta wamebaki karibu na kingo, na katikati ya kitalu kikubwa (kipande cha msitu kinachochomwa kwa pamoja) kilichoungua chote alama zinapungua. Akishtuliwa kule katikati, hana pa kujificha.

Majike ndio wanaohitaji uangalifu wako zaidi. Kati ya Aprili na Juni jike hutaga chini mayai kama 10 hadi 12, na huatamia siku 28 hivi. Muda wote huo anataka majani na vichaka vya kumficha, kwa hiyo kitalu kilichoungua majuzi hakimfai; mara nyingi huchagua palipopumzika miaka 2 au zaidi. Vifaranga wakianguliwa, mahitaji yanabadilika. Wanaishi kwa wadudu, na kwa takriban wiki 2 za mwanzo wanalala chini, chini ya mbawa za mama yao. Kwenye nyasi nzito zilizolala hawapenyi. Wanataka majani mafupi yaliyo wazi chini na yenye kivuli juu, na palipoungua mwishoni mwa kipupwe hupata sura hiyo majira ya joto yakifika. Basi jike yule yule anahitaji ardhi za umri tofauti, tena zilizopakana, maana kifaranga wa siku chache anakwenda kwa miguu.

Utasikia watu wakilalamika kwamba moto wa Aprili au Mei unaunguza viota. Ni kweli, vingine huungua, ingawa jike aliyepoteza mayai mara nyingi hutaga tena. Mimi siungi mkono kuacha kuchoma. Misonobari ya majani marefu imezoea kuungua kila baada ya miaka 2 au 3. Ukiuzuia, miti midogo ya majani mapana inafunga msitu, nyasi zinakosa jua, na jike hana tena pa kulisha vifaranga. Ukipewa nafasi ya kusema kwenye kikao cha mipango, tetea vitalu vidogo vinavyochomwa kwa zamu.

Na kwenye ramani yako, kabla hujaweka nukta ya ndege hata mmoja, andika kila kitalu kiliungua lini mara ya mwisho, mwezi na mwaka.