Tusitoke msikitini kati ya Magharibi na Isha

Assalaam alaykum wahariri na wasomaji wenzangu. Mmeuliza wiki hii ni kitu gani kimoja kitarudisha umoja wa Waislamu mitaani kwetu, mi nasema darsa ya Magharibi, yaani somo la dini, watu wakishasali Magharibi jua likizama wakae wasome mpaka sala ya Isha.

Huku Tanga hiyo nafasi mwaka mzima haibadiliki sana, ni lisaa limoja na dakika chache, sio kama ndugu zetu wa Uingereza ambao kiangazi Isha inawakuta usiku mkubwa. Sisi Allah katupa lisaa zuri kabisa, jua limezama, kazi zimeisha, lakini imamu akishatoa salamu tu wengi tunawahi ndala mlangoni.

Msikiti wetu hapa Ngamiani darsa ilikuwa imekufa, unasimama na mtu bega kwa bega mwaka mzima na jina lake hulijui. Ustadh akaanza upya na Arbaini ya Imam Nawawi, kile kitabu cha hadithi za Mtume, hadithi moja kwa wiki, na kwa vile ziko 42 ingawa jina linasema arobaini mwaka haukuisha tukawa tumezimaliza. Mwanzo tulikaa watu sita, wazee watupu. Yeye anasoma Kiarabu, anafasiri, halafu anauliza haya, hii kwenye kazi yako inakuwaje? Hapo ndo vijana waliponasa. Tulipofika ile ya 13, ya kumpendea nduguyo unachojipendea mwenyewe, kijana wa bodaboda akauliza vipi kumpandishia nauli mgeni asiyejua bei, basi maneno yakaenda mpaka muadhini akasimama kuadhini Isha.

Kuna mzee mmoja safu ya kwanza hakosi, usiku mmoja akamvuta ustadh pembeni akamwambia taratibu kwamba hana hakika kama anaisoma sawa Fatiha, sura ya kwanza ya Qur'ani. Miaka yote alikuwa anaona haya kuuliza. Sa hivi anakaa kwenye nguzo na mtoto wa madrasa, mtoto anatamka "waladh-dhwaalliin" na mzee anafuatisha, wanarudia hata mara kumi, na wallahi nikiwaangalia machozi yananilengalenga.

Thawabu za kusali jamaa, kwamba zinazidi za kusali peke yako kwa daraja 27, tunazijua sote, ila na kujuana nako kuna kazi yake, fundi cherehani wetu alipokosekana siku tatu tulimfuata kwake tukamkuta malaria imemlaza, yuko peke yake, tukampeleka hospitali usiku uleule.

Na kina mama jamani tusiwasahau. Kwetu walikuwa nyuma ya pazia hawasikii kitu, tukachanga tukawawekea spika, sasa maswali yao wanaandika kwenye karatasi mtoto analeta mbele. Juzi imekuja karatasi ya mirathi, mjane anauliza fungu lake, ustadh akasema hili haliishi leo, kwa hiyo wiki nzima hii tunasoma mirathi, na mwenye kupita Tanga karibu sana akae nasi.